Mbuyu Chunguni: Uteuzi na Ukuzaji wa Bonsai kwa Miti ya Pwani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mbuyu ulianza kama mchicha. Methali hii hutumiwa kumtia moyo aanzaye jambo dogo, kwa kumkumbusha kwamba kila kikubwa kilipata kuwa kidogo. Makala haya yanaitazama methali hiyo kutoka upande wa pili na kuuliza: je, mbuyu unaweza kuzeeka, ukapata shina nene, gome lenye makunyanzi na matawi ya utu uzima, na bado ukabaki na kimo cha mchicha? Naam, unaweza, na sanaa iwezeshayo jambo hilo huitwa bonsai.

Nia ya makala ni kumweleza msomaji maana na asili ya bonsai, miti ya pwani ifaayo kwa kazi hiyo, na namna ya kuikuza, kuitunza na kuichagua. Mazingira tunayoyalenga ni ya Bombolulu, mtaa ulio katika eneo la Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali ukitoka kisiwani Mombasa, kando ya barabara kuu iendayo Malindi. Hoja yetu ni moja: kwa mkazi wa mtaa kama huu, bonsai bora si ile iliyoletwa kutoka mbali, bali ni ile iliyooteshwa kwa mbegu au kipande cha tawi la mti uliokwisha kuzoea jua, upepo na chumvi ya pwani.

Maana na Asili ya Bonsai

Neno bonsai ni la Kijapani na lina sehemu mbili: bon, yaani sinia au chombo kisicho na kina kirefu, na sai, yaani kupanda. Bonsai basi ni mti uliopandwa katika chombo kama hicho na kutunzwa hadi ukawa na sura ya mti mzima wa porini, ila kwa kimo kidogo. Ikumbukwe kwamba bonsai si aina ya mti. Wengi hudhani ipo mbegu ya bonsai, nao huitafuta madukani. Mbegu hiyo haipo. Mbegu ya bonsai ya mkwaju ni ile ile iliyomo katika ukwaju wa jikoni, na mti huo ukitolewa chunguni na kupandwa shambani utarefuka kama mkwaju mwingine wowote.

Ni nini basi kinachouzuia mti usirefuke? Yapo mambo matatu. Kwanza, mizizi yake ina nafasi ndogo, nayo hupunguzwa kila baada ya muda ili mizizi mipya, myembamba, ichipuke karibu na shina. Pili, ncha za matawi hukatwa. Ncha ya tawi hutoa homoni iitwayo auksini ambayo huyazuia machipukizi ya pembeni; ncha ikiondolewa, machipukizi hayo huamka na mti huwa na matawi mengi mafupi badala ya machache marefu. Tatu, jua la kutosha hufanya majani kuwa madogo na vifundo vya tawi kukaribiana.

Baadhi ya watu huiona sanaa hii kuwa ni kuutesa mti kwa kuunyima chakula. Dhana hiyo haina mashiko. Mti ulionyimwa chakula hufa mapema, ilhali bonsai nyingi huishi kuwazidi waliozipanda. Mfano mashuhuri ni msonobari mweupe wa ukoo wa Yamaki, ulioanza kutunzwa chunguni mwaka 1625. Mti huo ulikuwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, kilomita zipatazo tatu kutoka mahali bomu la atomiki lilipolipuka, ukasalimika nyuma ya ukuta wa kitalu. Mwaka 1976 ukoo huo uliutoa zawadi kwa taifa la Marekani, na hadi leo unatunzwa mjini Washington.

Ingawa jina ni la Kijapani, chimbuko la sanaa yenyewe ni China. Katika kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706, umo mchoro wa ukutani wenye mtumishi aliyebeba chombo chenye miti midogo. Kutoka China sanaa hiyo ilivuka hadi Japani, na michoro ya Kijapani ya mwaka 1309 inaonyesha miti ya aina hiyo ikiwa pambo la nyumba. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923 kuharibu Tokyo, baadhi ya wakuzaji walihama na kuanzisha kijiji chao huko Omiya mwaka 1925.

Mti, Ardhi na Mpangaji

Kabla ya kueleza uteuzi wa miti, hatuna budi kueleza kwa nini sanaa hii inauhusu mtaa kama Bombolulu. Katika pwani ya Kenya mti haujawahi kuwa mti tu. Baada ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1907, watu wengi waliendelea kulima katika mashamba ya wengine kama maskwota. Waliruhusiwa kupanda mahindi na mihogo, lakini mara nyingi walizuiwa kupanda minazi na miembe, kwa kuwa mti wa kudumu ulihesabiwa kuwa dai juu ya ardhi. Aliyepanda mnazi alikuwa ametia mzizi, na aliyetia mzizi hafukuziki kwa urahisi. Mombasa nayo ina utaratibu wake unaojulikana kama nyumba bila ardhi, ambapo mtu humiliki nyumba huku kiwanja kikiwa cha mwingine anayelipwa kodi.

Mkazi wa Bombolulu aliyepanga chumba kimoja au viwili amesimama juu ya historia hiyo. Hana pa kupanda mwembe, na hata angekuwa napo, hana hakika ya kuwapo utakapozaa. Bonsai haitatui suala la ardhi, wala haistahili kusifiwa kana kwamba inalitatua. Hata hivyo, ni mti unaobeba udongo wake wenyewe. Mpangaji akihama huhama nao, na mwanawe anaweza kuurithi ingawa baba hakuwa na kiwanja cha kumrithisha. Ndiyo maana tunaona si sawa kuiacha sanaa hii iwe pambo la hoteli na majumba makubwa pekee.

Isitoshe, Bombolulu ni mahali panapojulikana kwa kazi za mikono. Karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969 chini ya shirika la APDK ili kuwapa ajira watu wenye ulemavu, na kwa miaka mingi mafundi wake wamefanya kazi za vito, ngozi, nguo na mbao. Mikono iliyozoea kupinda waya wa shaba kwa ajili ya kipuli haiwezi kushindwa kupinda tawi.

Uteuzi wa Miti

Mchagua nazi hupata koroma, nasi hatumshauri msomaji achague kupita kiasi. Hata hivyo, mti ufaao huwa na sifa nne: majani madogo au yanayokubali kupungua, shina linalonenepa upesi, uwezo wa kuchipua baada ya kukatwa, na ustahimilivu wa joto. Kwa kigezo hiki mwembe haufai sana kwa sababu ya ukubwa wa majani yake. Mnazi, licha ya kuwa nembo ya pwani, haufai kabisa: una kilele kimoja tu cha kukua na hauna matawi, hivyo ukikatwa kilele umekufa. Ifuatayo ni miti tunayoipendekeza.

Mkwaju ndio tunaouweka mbele kwa anayeanza. Majani yake ni vijani vidogo vilivyojipanga pande mbili za kikonyo na hujifunga usiku. Gome hupasuka na kuonekana la kale ungali mchanga. Mbegu hupatikana jikoni, nazo huota baada ya kulowekwa usiku mmoja.

Mbuyu hunenepa shina mapema na huvumilia kiu. Mbegu zake zina ganda gumu; zikwaruzwe kwa msasa au zimwagiwe maji ya moto na kuachwa humo hadi siku ya pili. Mbegu za mabuyu yanayouzwa mitaani yakiwa yamepikwa kwa sukari na kutiwa rangi haziwezi kuota tena. Sharti zitoke katika buyu lenyewe. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Usidhaniwe umekufa na kumwagiwa maji mengi, kwa maana mzizi wake mnene huoza upesi. Wapo wanaouogopa mti huu kwa imani kwamba ni makao ya mashetani. Suala hilo tunamwachia kila mmoja na nyumba yake.

Jamii ya mitini na mikuyu huota kwa kipande cha tawi, huvumilia makosa ya mkataji, na baadhi yake huteremsha mizizi ya hewani inayoupa mti haiba ya uzee. Ndiyo inayostahimili kivuli cha ndani kuliko miti mingine tuliyoitaja.

Mvinje una umbo linalofanana na msonobari wa Japani, na haudhuriki kwa upepo wa chumvi. Ule unaodhaniwa kuwa ni majani ya sindano kwa kweli ni vitawi vyenye vifundo. Sifa zake zinajulikana vyema kaskazini kidogo mwa Bombolulu, huko Bamburi, ambako kuanzia mwaka 1971 René Haller alijaribu kuotesha miti katika machimbo ya mawe ya saruji yaliyobaki uwanda mtupu. Aina chache tu zilistahimili, mvinje ukiwa mojawapo, na leo mahali hapo ni Haller Park. Siri yake ni bakteria waishio katika vinundu vya mizizi na kuupatia mti naitrojeni kutoka hewani. Kwa sababu hiyo, anayeuhamisha mvinje asiondoe udongo wote wa zamani. Tofauti na mbuyu, mvinje wa chunguni hauvumilii kukaukiwa.

Waridi wa jangwani, wenye shina lililovimba na maua mekundu au ya waridi, huota kiasili katika nyika na miamba ya pwani. Utomvu wake ni sumu, na jamii kadhaa za Afrika zimeutumia kwenye mishale. Anayeukata anawe mikono, na usiwekwe mahali watoto wanapoufikia.

Bogenvilia nayo, ingawa asili yake ni Amerika Kusini, imekuwa mwenyeji wa nyua zetu. Faida yake ni kwamba ua la zamani linapong'olewa, visiki vyenye umri wa miaka mingi hutupwa. Kisiki kama hicho kikikatwa mizizi na kupandwa upya mwanzoni mwa mvua huweza kuchipua, na mkuzaji akawa ameokoa miaka kadhaa ya kungoja.

Hapa pana onyo. Yapo mazoea ya kung'oa miti mizee porini ili kupata umri bila kungoja. Mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor isiguswe, kwani misitu ya mikoko ya Kenya imekuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932. Kuhusu mibuyu, yaliyotokea Kilifi yanatosha kuwa funzo. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa ya kaunti hiyo iling'olewa ili ipelekwe katika bustani nchini Georgia, na Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe kuhusu uhalali wa idhini na manufaa ya wenyeji. Anayeng'oa kichaka cha porini kwa ajili ya sinia lake anafanya jambo hilo hilo kwa kipimo kidogo. Mbegu haimnyimi mtu chochote.

Hatua za Ukuzaji

Katika mwaka wa kwanza, mbegu ioteshwe katika kopo lenye matundu na iachwe ikue bila kukatwa. Masika ya mwaka wa pili yanapoanza, mche utolewe, mzizi mkuu ukatwe na mizizi ya pembeni itandazwe. Kisha urudishwe katika chombo kipana, hata karai lililotobolewa. Wakuzaji wengi hukosea hapa: hukimbilia kuuweka mche katika sinia dogo la kupendeza, na shina likabaki jembamba daima. Shina hunenepa mti ukiwa na nafasi. Sinia ni la mwisho, baada ya miaka mitatu au zaidi.

Udongo uwe wenye kupitisha maji haraka. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za mchanga wa mtoni ulio na chembe kubwa au vigae vilivyopondwa, na sehemu moja ya mboji. Mchanga wa ufuoni usitumiwe kwa sababu ya chumvi, na chembe za matumbawe zisizidi, kwa sababu huufanya udongo kuwa na chokaa nyingi na majani ya miti kadhaa huwa ya njano. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri hutosha kuwa mbolea.

Kuhusu umbo, methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi hapa inakuwa kanuni ya kazi. Tawi changa huzungushiwa waya wa aluminiamu au shaba kwa mshazari, kisha hupindwa polepole kuelekea linakotakiwa. Kwa kuwa miti ya pwani hukua upesi, waya ukaguliwe kila baada ya wiki chache na uondolewe kabla haujalikata gome. Umbo laweza kuwa la wima, la mshazari, la maporomoko linaloshuka chini ya chombo, au la mti uliopigwa na upepo. Kwa umbo hili la mwisho, mkuzaji wa Mombasa haitaji kitabu: atazame miti ya ufuoni inavyoinamishwa na kusi. Kila baada ya miaka miwili hivi mti hutolewa chomboni, theluthi moja ya mizizi hupunguzwa, na udongo hubadilishwa. Wakati wake ni mwanzo wa masika, hewa inapokuwa na unyevu.

Maji, Jua na Mahali pa Kuweka

Bonsai ni mti wa nje. Mahali pake ni roshani, barazani au juu ya paa, panapopata jua la saa tano au sita. Mwenye kutaka kuwapambia wageni sebule auingize kwa siku moja au mbili, kisha aurudishe nje. Bonsai nyingi zinazokufa majumbani huuawa na sebule.

Maji ndiyo mtihani mkubwa. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana hufikia nyuzi 32 na zaidi, na chombo kifupi hukauka kwa nusu siku. Mti humwagiwa maji asubuhi, na jioni pia ukihitaji. Lakini maji ya mfereji Mombasa ni ya mgao, na yanayouzwa kwa mitungi mara nyingi hutoka katika visima vyenye chumvi. Chumvi hiyo hujikusanya chunguni na kuonekana kama ukungu mweupe juu ya udongo, na ncha za majani huungua. Dawa yake ni mvua: kinga maji ya mvua, au uache chombo nje wakati wa masika na vuli ili chumvi isombwe. Maji yaliyooshea mchele, yasiyotiwa chumvi, nayo hufaa.

Aidha, visahani vya chini ya vyungu visiachwe na maji. Mbu waenezao homa ya dengue huzaliana katika maji machache ya namna hiyo, na Mombasa imewahi kukumbwa na mlipuko wa homa hiyo, ukiwemo ule wa mwaka 2017.

Kuchagua Bonsai ya Kununua

Asiyeweza kungoja anaweza kununua katika vitalu vya kando ya barabara, ila achunguze. Ashike shina na kulitikisa kidogo. Likicheza, mti umepandwa juzi. Atazame chini ya shina kama mizizi imetandaa pande zote, na kama shina ni nene chini na jembamba juu. Mawe yaliyogandishwa kwa gundi juu ya udongo ni dalili mbaya, kwa sababu huzuia maji na huficha hali ya udongo. Hatimaye aangalie matundu ya chini: chombo kisicho na tundu ni kaburi la mti. Mche wenye afya usio na umbo ni bora kuliko wenye umbo na majani yanayopukutika.

Bonsai na Lugha

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, sanaa hii ina mambo mawili ya kutafakari. La kwanza ni la istilahi. Neno bonsai limekwisha kuingia katika matumizi likiwa katika ngeli ya I-ZI, nasi hatuoni haja ya kulifukuza. Wazo la kuunda jina kwa udogoshaji lina tatizo lake. Mto hutupa kijito, ambacho bado ni mto. Lakini mti hutupa kijiti, na kwa wasemaji wengi kijiti si mti tena bali ni kipande kidogo cha ukuni. Udogoshaji umeuua mti. Afadhali kusema mti wa chunguni. Kwa upande wa kazi yenyewe hatuna upungufu: kupogoa, kuatika, kupandikiza, kitalu, mche, chipukizi na tagaa ni maneno ambayo wakulima wetu wameyatumia kwa karne nyingi.

La pili ni la sanaa kwa jumla. Tangu Amri Abedi alipoziandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na hasa tangu Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko wamebishana iwapo mizani na vina hudumaza fikra. Bonsai haitoi hukumu, lakini inatoa mfano. Mpaka wa chombo haukuufanya mkwaju kuwa kitu kingine. Uliulazimisha kuuonyesha ukwaju wake katika nafasi ndogo, kama mshororo wa mizani 16 unavyomlazimisha mtunzi kuacha neno lisilo na kazi. Lakini mfano huo una masharti. Umbo linafaa pale tu mti unapoendelea kuwa hai. Waya ulioachwa muda mrefu huacha kovu, na kanuni iliyoshikiliwa bila kulitazama tawi hufanya vivyo hivyo.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba bonsai ni namna ya kuutunza mti wala si aina ya mti. Kwamba mkwaju, mbuyu, mitini, mvinje, waridi wa jangwani na bogenvilia vinaweza kuchukua nafasi ya misonobari ya ugenini. Na kwamba mkuzaji aanze kwa mbegu, kitawi au kisiki kilichotupwa, badala ya kupora pori. Tunatoa wito kwa vyama vya wanafunzi, vinavyopenda kukumbuka hafla zao kwa mabango na fulana, vijaribu kupanda mkwaju mmoja chunguni na kuukabidhi kwa kila uongozi mpya. Hauhitaji kiwanja wala kibali cha kupanda. Unahitaji mtu wa kuumwagilia maji asubuhi, na mwingine wa kumpokea kazi hiyo atakapohitimu.